Hitima ya Mtu Aliye Hai

Chakula cha usiku cha dona Gracinda kililiwa saa kumi alasiri, jua bado likiwaka. Amri ya wanamaji ilikuwa fupi: kila boti iwe imefungwa gatini kabla ya magharibi. Kwa hiyo boti ya dona Gracinda, iliyoandikwa Boa Noite, yaani Usiku Mwema, ubavuni kwa rangi ya dhahabu, haikuwahi kuuona usiku majini tangu ilipoacha kubeba saruji ikaanza kubeba watu wa karamu. Watu wa Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, waliicheka, kisha wakalipa wakapanda. Walikuja na nguo za usiku mchana kweupe: makarani wa benki na tai zao, walimu, wauguzi, vijana wa kampuni za ujenzi na wapenzi wao waliovaa magauni ya kumetameta na miwani ya jua. Boti ilipanda mto mpaka kona ya mikoko, pale kilipo kituo cha askari, ikageuka. Ikashuka mpaka karibu na bahari, ikageuka. Ikapanda tena. Zaidi ya hapo hakuna ruhusa. Atija, mpishi wa boti hiyo, alikuwa akisema kwamba safari hiyo inamfaa kabisa: mtu anachoka bila kufika popote.

Jumamosi hiyo gatini palikuwa hapasemeki. Wanawake wa samaki walikuwa wamepanga beseni zao katikati ya njia, makusudi, ili wenye viatu virefu wajikwae. Askari wawili walipekua mikoba ya wageni polepole, kila chupa ya manukato wakaifungua na kuinusa. Muziki haukuwako. Jenereta ya boti ilikuwa imekufa tangu Alhamisi, na fundi aliyeletwa kutoka Pemba alikuwa amejikunja nyuma yake, miguu tu inaonekana.

Atija alishuka kwenye ubao akiwa na sufuria ya wali wa nazi kichwani na mwiko mkononi. Alivaa fulana nyekundu ya kazi, lakini chini alijifunga kanga yake ya kijani, na kilemba alikipiga vizuri kama mwanamke anayekwenda harusini. Mwili ulikuwa umechoka. Nguo alikataa zichoke.

"Mana Atija, dada yangu, taratibu!" alipiga kelele Nélia, msichana wa kuhudumia meza, mpwa wa dona Gracinda kutoka Mueda. "Ukianguka na huo wali nitaulilia wali kwanza, wewe baadaye!"

"Ndiyo maana sikupi siri zangu," alijibu Atija.

Dona Gracinda alisimama katikati ya boti na gauni lake la zambarau, nywele za bandia zimekaa upande kwa jasho. "Fundi! Fundi wee! Umekuja mpaka huku ili ulale nyuma ya mashine yangu?"

"Dona," ilijibu sauti kutoka chini, "mashine yako ina mchanga tumboni. Mnaitia mafuta au mnaitia ufukwe?"

Watu walicheka. Atija hakucheka. Aliishusha sufuria kutoka kichwani kwa mikono miwili, akaiweka sakafuni polepole sana, mtu angedhani ina mtoto ndani aliyelala. Sauti ile aliijua. Iliwahi kumwita kutoka juu ya paa, kutoka majini, kutoka ng'ambo ya soko. Kisha yeye akaisomea hitima.

Fundi alinyanyuka akijifuta mikono kwenye ovaroli ya rangi ya chungwa. Alikuwa amekonda. Ndevu zilikuwa zimemjaa, na upande mmoja wa kidevu palikuwa na weupe ambao zamani haukuwapo. Alimwona Atija, na kitambaa cha mafuta kikamdondoka.

Atija alimwendea moja kwa moja. Aliuweka mwiko kifuani pake, akausukuma. Punje za wali zikabaki kwenye ovaroli.

"Unanipima nini?" aliuliza Carimo.

"Napima kama mwiko unapita."

"Haupiti."

"Naona."

Walitazamana. Nyuma yao mwanamke wa samaki alikuwa akigombana na karani wa benki aliyemkanyagia changu.

"Hujambo, Atija?"

"Sijambo. Marehemu hajambo?"

Carimo aliinamisha macho. "Kumbe ni kweli, mlinisomea."

Atija aliushusha mwiko. Kumwona hai ilikuwa jambo moja. Lakini mtu asiyeshtuka anapoitwa marehemu ni mtu aliyekwisha kupewa habari hiyo. Alijua. Amejua tangu lini?

Hakupata nafasi ya kuuliza. Carimo alivuta kamba, jenereta ikakohoa, ikanguruma, na taa zote za rangi rangi zilizozungushwa kwenye paa la mabati zikawaka juani. Wageni wakapiga makofi. Ubao ukavutwa. Carimo alipochukua sanduku lake la spana ili aruke gatini, dona Gracinda alimshika ukosi.

"Unakwenda wapi, baba? Ikizimika katikati ya mto, nani ataiwasha, mimi na kucha hizi? Unabaki. Chakula kipo."

Boti ikaondoka, na wao wawili wakiwa ndani yake.

Abdulcarimo, Carimo kwa watu wake, alikuwa mchumba wa Atija. Watu wake walikuja kwa mjomba wake Atija na sinia ya vileja na kanga mbili, wakakubaliwa, na arusi ikawekwa baada ya Ramadhani. Ramadhani hiyo haikufika mji ukiwa na watu. Siku mji ulipokimbia wapiganaji, wao wawili walitembea pamoja mpaka njia panda ya Awasse. Lori lilikuwa limejaa mpaka juu ya kichwa cha dereva, Carimo alimnyanyua Atija, akampachika kati ya magodoro ya watu, akasema, "Namfuata mama. Nakuja nyuma yako." Kisha akarudi kule kwenye moshi.

Hakuja. Kambini, karibu na Pemba, Atija alikaa chini ya turubai na wanawake wengine waliokuwa wakimngoja mtu. Walitunza simu zao kama mayai. Aliyekuwa na chaji aliwakopesha wenzake. Aliyepata mtandao alipiga namba za kila mtu, si zake tu. Namba ya Carimo ilijibu kila siku kwa sauti ya yule mwanamke wa kampuni anayesema haipatikani. Atija alifika mahali akamchukia mwanamke huyo kama mke mwenza.

Mvua zikaja, zikaisha, zikaja tena. Watu walikula wakimngoja mtu, wakalala wakimngoja. Mwishowe mwalimu wa madrasa, mzee aliyekimbia na msahafu tu, akasema: tutasoma hitima moja kwa wote wasiojulikana walipo, kila nyumba itamtaja wake. Hakulazimishwa mtu. Wako waliokaa kimya, wakaendelea kungoja. Ilipofika zamu ya turubai lake, Atija alifungua kinywa na kusema, "Abdulcarimo Bacar." Wanawake waligeuka. Mmoja alimnong'oneza kwamba mchumba hana haki hiyo, wala hana eda. Atija alijifunga kanga nyeupe hata hivyo, akaacha hina, akaacha wanja, akakaa ndani kama mjane wa kweli. Walimcheka kidogo, kisha wakachoka kumcheka. Usiku ule wa hitima alilala hadi asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu Awasse.

Mji ulipofunguliwa alirudi, na sasa marehemu wake alikuwa amekaa nyuma ya jenereta ya dona Gracinda, anadokoa kamba wa wageni kwa vidole vyenye grisi.

Jiko la boti lilikuwa kibanda cha mabati nyuma kabisa, na majiko mawili ya gesi. Nélia aliingia na sinia tupu.

"Mana Atija, fundi anaomba maji."

"Mpe."

"Anaomba kutoka kwako."

"Mwambie marehemu hawanywi."

Nélia alitoka, akarudi akijizuia kucheka. "Anasema kama hawanywi, basi wanafukizwa. Umpelekee ubani."

"Mwambie ubani tulishauchoma. Haukurudisha mtu."

Nélia alisimama. Kicheko kilimwisha. "Mana, mimi nilidhani ni utani wa zamani. Huyu ni nani?"

"Ni yule niliyekuambia habari zake."

"Yule aliyekufa?"

"Ndiyo. Chukua hizo limau, meza ya benki wanangoja."

"Meu Deus," alisema Nélia, akasahau limau.

Atija alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akachukua kikombe cha maji, akatoka. Kando ya mto mikoko ilikuwa imesimama kwenye matope meusi, na ile harufu ya matope ilichanganyika na ya kitunguu saumu na ya dizeli. Carimo alikuwa amekaa juu ya sanduku lake. Kelele za jenereta zilikuwa kubwa kiasi kwamba ilibidi wapigiane mayowe, na bado wageni wa meza ya karibu hawakusikia neno.

"Nani alikuambia?" alipaza sauti Atija.

"Nini?"

"Kwamba umesomewa! Nani?"

"Ibraimo! Alitoka kambini kwenu, akavuka mpaka, akanikuta Mtwara! Alisema ulinitaja kwa kinywa chako! Hakuna aliyekulazimisha!"

"Ni kweli! Hakuna aliyenilazimisha!"

"Basi nikajua!"

"Ukajua nini?"

"Kwamba umepata mtu! Mwanamke akitaka kuolewa na mwingine, wa kwanza lazima afe!"

"Mtu gani kambini, Carimo? Nimpate wapi? Kwenye foleni ya mahindi?"

"Nilijua umenifungia mlango!"

"Mlango gani? Sisi tulikuwa na turubai!"

Atija alitaka kucheka, Carimo naye alitaka kucheka. Waliuona mdomo wa kila mmoja ukijaribu. Hasira ya Atija ikawahi. Alivuta pumzi kutoka tumboni, akapiga kelele iliyopita zote, na katika sekunde hiyohiyo jenereta ikazimika.

"ULIJUA NIKO HAI NA HUKUNIPIGIA!"

Sauti yake ilikwenda mpaka ng'ambo ya mto. Ndege weupe waliruka kutoka kwenye mikoko. Ndani ya boti, uma zilisimama hewani. Karani mmoja wa benki, kipande cha kamba kikiwa nusu ya njia, alimtazama mwanamke aliyekuja naye, na mwanamke huyo akamtazama yeye kwa namna iliyoonyesha kwamba wana lao la kuzungumza nyumbani.

"Endeleeni kula, jamani," alisema dona Gracinda. "Ni mambo ya mashine."

Carimo aliinama kwenye jenereta. Mikono yake ilijua kazi. Sasa waliongea chini chini.

"Nilipiga," alisema. "Haikuingia."

"Nilibadilisha laini. Ile ilikuwa imekufa na simu. Lakini Ibraimo aliijua namba yangu mpya. Halafu?"

"Halafu sikumwomba."

"Mama yako je?"

"Alivuka. Alifariki Mtwara, kifua." Aliifungua skrubu ambayo haikuhitaji kufunguliwa. "Kila Ijumaa aliniambia nimtafute Atija. Nikamwambia Atija amenizika."

"Mungu amrehemu."

"Amina."

Simu ikalia mfukoni mwake. Atija aliangalia pembeni lakini masikio aliyaacha palepale.

"Alô, chefe. Ndiyo, iko sawa, ni chujio. Kesho? Ndiyo. Naondoka na coluna. Niwekeeni nafasi kwenye gari la mbele, nyuma vumbi linaniua." Akakata.

Coluna ni msafara wa magari yanayosindikizwa na askari. Hutoka alfajiri. Anayeikosa hajui itatoka tena lini, na anayepanda hajui atarudi lini. Atija alisimama na kile kikombe cha maji alichosahau kumpa.

"Kumbe umekuja siku tatu tu."

"Wenzangu walikataa kuja huku. Mimi nikanyanyua mkono."

"Kwa ajili ya jenereta?"

"Kwa ajili ya jenereta," alisema Carimo, na wote wawili walijua kwamba ni uongo. Alivuta kamba, jenereta ikanguruma tena.

Boti ilifika kona ya mikoko. Kila safari dona Gracinda alipunguza mwendo hapo ili askari wapewe sahani zao. Walishuka kutoka kwenye magunia ya mchanga, wakapokea wali, wakapunga mikono kama watoto. Atija aliwapakulia kunde, kwa sababu kamba wa dona hawakuhesabiwa kuwa wa askari, wala wa wapishi. Chungu cha kunde kilikuwa cha wafanyakazi. Alipokuwa akichota, mkono wake ukasimama juu ya chungu.

Alichukua sufuria ndogo. Akaosha mchele mweupe, akautia maji, akaudondoshea tui kidogo tu, kijiko kimoja, akafunika. Mtungi wa chumvi aliutazama, akausukuma kando.

"Huo wa nani?" aliuliza Nélia. "Wali haujaisha."

"Wa fundi."

"Bila chumvi? Unataka kumuua mara ya pili?"

"Ndivyo ulivyokuwa wa hitima yake. Mchele wa msaada, kunde za msaada. Nazi moja, niliitafuta kwa miguu asubuhi mpaka adhuhuri, nikaikuna kwa ajili ya watu wote. Chumvi ilikuwa imekwisha kambi nzima." Aliupepea moto wa gesi kwa mkono, mazoea ya kuni. "Watu wote walikula hitima yake isipokuwa yeye. Leo atakula."

"Hiyo ni mila yenu watu wa pwani?"

"Sijui. Kama haikuwapo, imeanza leo."

Mbele kabisa ya boti palikuwa na meza ndogo ya watu wawili ambayo hakuna aliyeitaka, kwa sababu jua liliipiga usoni. Atija aliitandika. Akaweka sahani ya wali na kunde, akaweka bakuli la kunawia, akamwita kwa kidole. Carimo alinawa mpaka viwiko, grisi ikabaki kwenye kucha. Aliitazama sahani.

"Wageni wanakula kamba, mimi napewa kunde."

"Hiyo ni yako hasa. Kamba ni wa dona. Kula, hitima yako hiyo."

Carimo alidhani anatania. Kisha akamwangalia usoni, akajua. Boti iligeuka chini yao, taa za rangi zikimetameta bure juani. Akakata tonge.

"Haina chumvi."

"Hatukuwa nayo."

Akala. Alikula polepole, kichwa kimeinama, kama anavyokula mtu kwenye nyumba ya msiba asiyowajua wenyewe. Atija alikaa mbele yake, mikono mapajani, akamwambia yote: mwalimu na msahafu wake, maji ya mvua yaliyokuwa yakipita kati ya magoti ya wasomaji, jinsi jina lake lilivyotajwa baada ya jina la mtoto wa jirani na kabla ya jina la muuza mkaa, mwanamke aliyemwambia mchumba hana eda, kanga nyeupe. Hakuyapamba. Aliyasema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Ulikaa eda?" Tonge lilikuwa limesimama mkononi mwake.

"Nilikaa."

"Ya mchumba?"

"Arusi sikuipata. Nikachukua kilichobaki."

Carimo aligeuza uso kwenye maji. Mabega yake yalikwenda juu, yakashuka. Atija hakumgusa. Aliusogeza tu wali uliomwagika pembeni ya sahani, akaurudisha katikati.

"Unajua ni nini kusikia kwamba umesomewa?" alisema Carimo, bila kugeuka. "Nilikuwa nabeba mizigo bandarini. Ibraimo akanipa pole. Mimi, Atija! Pole ya msiba wangu! Tangu siku hiyo nikipita mahali, najiona kama mtu aliyeingia bila kubisha. Nikilala nasema, kuna mtu mmoja duniani aliyekuwa na sababu ya kuningoja, na huyo ndiye aliyesema basi."

"Nilisema basi."

"Niombe radhi." Sasa aligeuka. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imetulia. "Neno moja tu. Useme, Carimo, nisamehe kwa hitima. Ukisema, kesho sipandi coluna. Nakuapia."

Atija aliusikia uzito wa kile alichopewa. Neno moja, na mwanamume huyu anabaki. Lilikuwa jepesi, lingeweza kutoka. Angelisema, wakashuka gatini pamoja, na kila watakapogombana kwa miaka yote ijayo lingekuwa limekaa kati yao kama mgeni asiyeaga: wewe ndiye uliyenizika, ulikiri mwenyewe.

"Coluna inatoka saa ngapi?" aliuliza.

"Alfajiri."

"Basi lala mapema." Alichukua bakuli la kunawia, akarudi jikoni.

Huko aliosha sufuria. Aliosha hata zilizokuwa safi. Nélia alimtazama, akafungua kinywa, akakifunga, na kwa msichana yule hilo lilikuwa tendo la heshima kubwa. Boti ilishuka mto mara ya mwisho. Wageni walianza kuimba parabéns kwa mtu ambaye siku yake ya kuzaliwa ilikuwa wiki iliyopita. Jua lilikuwa limegusa mapaa ya mji, yale yaliyopigwa mabati mapya na yale yaliyobaki kuta tu, na kutoka gatini askari alipuliza filimbi kuwahimiza.

Kivuli kilisimama mlangoni. Carimo aliingia na sahani. Haikuwa na punje. Aliiosha mwenyewe kwenye beseni, akaifuta kwa kanga iliyokuwa begani pa Atija, bila ruhusa, akaiweka rafuni. Kisha akatoa simu, akaifungua spika.

"Alô, chefe."

"Nini tena, Carimo?" ilisema simu. "Nafasi yako ipo, gari la mbele."

"Mpe mtu mwingine."

"Jenereta imeharibika tena?"

Carimo alimwangalia Atija. "Ndiyo, chefe. Hii itachukua muda. Imekaa na mchanga siku nyingi, na mwenye kosa ni fundi."

"Coluna nyingine sijui ni lini!"

"Nami sijui," alisema Carimo, akakata.

Jikoni palikuwa na joto. Atija alikuwa amegeuka ukutani, anapanga vijiko vilivyokwisha kupangwa.

"Mjomba wako yuko hai?" aliuliza Carimo.

"Yuko. Amerudi Pundanhar, analima."

"Nitamfuata. Nianze upya, na vileja na kila kitu."

"Njia ya Pundanhar mbaya."

"Nimeshakufa mara moja."

"Usinichekeshe, nimechoka."

"Nimekuona. Umechoka vibaya, mama wee." Alimsogelea, mkono wenye kucha za grisi ukamgusa kilemba kidogo, kama anayekagua kama kimekaa sawa. "Lakini kilemba hiki! Ulikuwa unamngoja nani leo?"

"Wateja."

"Mwongo."

"Wewe na mimi, nani mwongo? Kwa ajili ya jenereta!"

Walicheka, kicheko kifupi, kilichokwisha haraka kwa sababu hakuna aliyekuwa na nguvu ya kukiendeleza. Boti iligonga gati. Nje, dona Gracinda alikuwa akiwaaga wageni, "Boa noite, boa noite," na mwanga bado mwingi. Viatu virefu vilipiga ubao. Kutoka msikitini, adhana ya magharibi ilianza.

Carimo alishika mpini mmoja wa sufuria kubwa ya wali. Atija akashika wa pili. Wakainyanyua, ikabembea kati yao. Mlangoni Carimo akasimama, na sufuria ikasimama.

"Coluna nimeiacha," alisema, kwa sauti ya utani, lakini jicho lilikuwa likingoja. "Sahani nimeimaliza, haina chumvi, nimeimaliza. Sasa niombe radhi, basi. Ndogo tu. Nisikie inavyolia."

Atija alimwangalia yule marehemu wake, ndevu zake zenye weupe, punje moja ya wali wa mchana iliyokauka kwenye ovaroli pale alipomchoma kwa mwiko.

"Siombi," alisema. "Nilikungoja mpaka kungoja kukanimaliza, nikakusomea, nikakupikia, nikakukalia eda nisiyokuwa nayo, kisha nikalala usingizi. Kesho ukipotea tena nitakungoja tena, nikichoka nitakusomea tena. Radhi sikuombi leo, na ukizeeka mikononi mwangu sitakuomba. Nyanyua huko, sufuria nzito."